Hemanjioma au kasoro ya mishipa: jina lipi liandikwe kwenye kadi ya mtoto?

Karatasi za mtoto mwenye alama au uvimbe wa mishipa ya damu mara nyingi hazikubaliani. Kadi ya kliniki kutoka zahanati inasema "alama ya kuzaliwa". Tabibu wa kituo cha afya ameandika "hemanjioma". Majibu ya ultrasaundi yanasema "hemanjioma ya kavanasi", na kwenye karatasi ya rufaa kuna "limfanjioma" yenye alama ya kuuliza mbele yake. Mtoto ni yuleyule, uvimbe ni uleule. Mama aliyetoka Kasulu au Uvinza hadi Kigoma mjini na karatasi hizo mkononi ana haki ya kuuliza: katika haya yote, mwanangu anaumwa nini?

Jibu lina uzito, kwa sababu jina linaloandikwa ndilo linaloamua kama mtoto ataambiwa asubiri, ataanzishiwa dawa, au atapelekwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza. Wapo watoto wanaoambiwa "itaisha yenyewe" kwa kitu ambacho hakiishi chenyewe maisha yote. Wapo pia wanaoambiwa wangoje wakue kwanza, wakati dawa yao inafanya kazi vizuri zaidi katika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana nawaandikia wazazi, na wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ambao wanatakiwa kuchagua jina moja na kuliandika.

Majina ni mengi, lakini uchaguzi wa kwanza uko kati ya mawili tu: hemanjioma ya mtoto mchanga, na kasoro ya mishipa.

Pande mbili zilivyotenganishwa

Mwaka 1982, John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston, Marekani, walichapisha kazi iliyobadilisha namna ya kuyaita matatizo haya. Kabla yao jina lilitolewa kwa kuangalia rangi na umbo, mengine yakapewa majina ya matunda na mvinyo. Wao waliangalia seli zinazotanda ndani ya mshipa, wakakuta makundi mawili. Kwenye kundi la kwanza seli zinazaliana kwa kasi, kisha baadaye zinapungua. Huo ni uvimbe unaoota. Kwenye kundi la pili seli zimetulia. Shida ni kwamba mishipa yenyewe ilijengeka vibaya mtoto akiwa bado tumboni. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa matatizo haya, ISSVA, kiliukubali mgawanyo huo mwaka 1996, kikaupanua 2014 na kuuhuisha 2018. Mwaka 2000 ikaongezeka alama ya maabara: protini iitwayo GLUT1 inaonekana kwenye hemanjioma ya mtoto mchanga, kwenye kasoro haionekani.

Zahanati zetu hazina kipimo cha GLUT1, na kwa watoto wengi hakihitajiki. Historia ya mtoto na mkono wa anayempima vinatosha kutenganisha pande hizi mbili mara nyingi sana.

Hemanjioma ya mtoto mchanga kwa kawaida haionekani vizuri siku ya kuzaliwa. Pengine kuna sehemu iliyopauka kidogo, au vijishipa vichache vyekundu. Ndani ya wiki 4 za kwanza inajitokeza, kisha inakua haraka kuliko mtoto mwenyewe. Kasi kubwa kabisa iko karibu na wiki ya 5 hadi ya 7, na mtoto anapofika miezi 5 sehemu kubwa ya ukuaji imeshakwisha. Baada ya hapo inatulia, halafu inaanza kusinyaa polepole. Wengi hufika mwisho wa kusinyaa karibu na miaka 4, ingawa ngozi legevu au kovu linaweza kubaki. Inawapata zaidi wasichana, na watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo.

Kasoro ya mishipa ina mwenendo mwingine kabisa. Mtoto anazaliwa nayo hata kama haijaonekana, inakua pamoja naye kadiri anavyokua, na haisinyai. Iliyo ndani sana inaweza kujificha hadi balehe, ujauzito au siku mtu anapoumia mahali hapo, ndipo inavimba. Wasichana na wavulana inawapata karibu sawa.

Swali la tarehe, na namna ya kuliuliza

Ukimuuliza mama "alizaliwa nayo?", wengi watajibu ndiyo. Kwa mzazi, kitu kilichotokea mtoto akiwa mchanga ni cha kuzaliwa. Jibu hilo likiandikwa kama lilivyo, hemanjioma inageuka kasoro kwenye karatasi. Kwa hiyo mazungumzo hayana budi kwenda hatua moja mbele.

"Mama, siku ile unatoka wodi ya wazazi, uliiona?"

"Wodini sikuiona, daktari. Bibi yake ndiye aliiona akimwogesha."

"Kitovu kilikuwa kimeshadondoka?"

"Kimedondoka, ila arobaini yangu ilikuwa bado."

"Na siku ya chanjo ya kwanza ya sindano za mapaja ilikuwaje?"

"Ilikuwa kama kipele. Tuliporudi chanjo iliyofuata ikawa hivi."

Hapo una historia nzima ya hemanjioma bila kalenda: haikuwepo wodini, ilitokea kati ya kudondoka kitovu na arobaini, ikakua kati ya wiki 6 na wiki 10. Bibi aliyemwogesha mtoto ni shahidi mzuri kuliko karatasi nyingi, aitwe aulizwe. Picha za simu zilizopigwa mtoto akiwa mchanga ni ushahidi mwingine mkubwa.

Angalieni pia ratiba yetu ya chanjo: wiki 6, wiki 10, wiki 14. Inalala juu ya miezi ileile ambayo hemanjioma inakua kwa kasi. Mtoto wa Kigoma ambaye mama yake hakosi kliniki anaonwa na mhudumu wa afya mara 3 ndani ya kipindi ambacho matibabu yangemfaa zaidi. Anapimwa uzito, anachomwa sindano, anarudi nyumbani. Natamani kila nesi wa chanjo anayeona alama inayokua aandike kipimo chake kwa sentimita kwenye kadi, ili mwenzake wa wiki ya 10 apate cha kulinganisha. Hilo halidai kifaa kingine zaidi ya rula.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Vitabu vingi vina picha za watoto weupe, ambako kila kitu ni chekundu na kinaonekana mbali. Kwenye ngozi yetu nyeusi alama inaweza kuwa ya kahawia iliyoiva, zambarau, au giza tu kuliko ngozi inayoizunguka. Anayetafuta wekundu ataikosa. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa dirishani, na uguse.

Matibabu ndiyo yanayotofautiana zaidi

Mwaka 2008 daktari wa ngozi Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kwamba propranolol, dawa ya moyo na presha iliyokuwepo miaka mingi, inasinyaza hemanjioma za watoto. Waliligundua wakimtibu mtoto kwa tatizo la moyo. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya propranolol kwa kazi hiyo. Leo ndiyo matibabu ya kwanza ya hemanjioma inayohitaji kutibiwa, na kwa hemanjioma ndogo ya juu ya ngozi kuna matone ya timolol, yaleyale yanayotumika kwa presha ya macho.

Kwa kasoro ya mishipa propranolol haisaidii. Hapa ndipo jina lisilo sahihi linapomuumiza mtoto: mwenye kasoro anameza dawa ya moyo kwa miezi bila faida, na mwenye hemanjioma karibu na jicho anapelekwa kwenye foleni ya upasuaji ambao pengine asingeuhitaji.

Si kila hemanjioma inahitaji dawa. Ndogo iliyo tumboni au mgongoni juu, isiyo na kidonda, inaweza kuangaliwa tu. Zisizotakiwa kungojewa ni zile zilizo karibu na jicho, kwa sababu zikiziba uoni wa mtoto mchanga jicho linaweza kuzoea kutoona. Zilizo mdomoni au puani. Zilizotanda kidevuni na shingoni kwa mtoto anayekoroma au kupumua kwa sauti, maana huenda kuna nyingine kwenye njia ya hewa. Zilizochanika na kuwa kidonda. Na kubwa zilizotanda usoni. Iliyo katikati ya kiuno kwa nyuma inahitaji uti wa mgongo uangaliwe. Mtoto mwenye 5 au zaidi kwenye ngozi apigwe ultrasaundi ya ini.

Nasisitiza jambo moja kwa wazazi, kwa sababu propranolol inapatikana kwenye maduka ya dawa na bei yake si kubwa. Msiinunue wenyewe. Dozi ya mtoto ni miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, na huanzwa chini ya hapo. Mtoto wa kilo 5 anafikia miligramu 10 hadi 15 kwa siku nzima. Kidonge cha mtu mzima kilichozoeleka ni cha miligramu 40. Mtoto akizidishiwa, au akipewa bila kunyonya, sukari yake ya damu inaweza kushuka hadi akapata degedege; mapigo ya moyo yanaweza kupungua, na mwenye kifua kinachobana akabanwa zaidi. Mtoto anayetumia dawa hii anyonyeshwe kwanza ndipo ameze, na siku anayotapika au kukataa kunyonya dawa isitishwe, daktari aulizwe.

Ndani ya neno "kasoro" mna mambo manne

Ukishachagua upande wa kasoro bado hujamaliza. Swali linalofuata ni mshipa gani ulioharibika.

Kasoro ya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni baka bapa ambalo mtoto anazaliwa nalo na halipandi juu ya ngozi. Likikaa kwenye paji la uso na kope ya juu, mtoto achunguzwe macho na afuatiliwe kwa degedege, kwa kuwa linaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wa Sturge-Weber. Yale mabaka mepesi ya katikati ya paji au kisogoni kwa watoto wachanga wengi hayana shida; ya usoni hufifia.

Kasoro ya limfu, yaani mishipa inayopitisha majimaji ya mwili, ndiyo iliyokuwa ikiitwa limfanjioma, na ile kubwa ya shingoni ikaitwa higroma. Ni mifuko ya maji, laini, na mara nyingine inavimba ghafla mtoto akipata mafua au damu ikivujia ndani. Mojawapo ya tiba zake ni kuchoma sindano ya bleomisini ndani ya mifuko hiyo. Bleomisini inajulikana kama dawa ya saratani, na mzazi akiliona jina hilo kwenye karatasi moyo unamwenda mbio. Aelezwe mapema: mtoto hana saratani, dawa inatumika kuifanya mifuko isinyae na kushikana.

Kasoro ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ndiyo inayobeba jina baya kuliko zote, "hemanjioma ya kavanasi". Utaijua kwa mkono. Ni laini, ina bluu iliyofifia kama iko karibu na ngozi, haina joto la ziada wala mpigo. Ibonyeze kwa kidole taratibu, inanywea. Achia, inajaa tena polepole. Mwambie mtoto ainame, au mshike akilia, inavimba. Wakati mwingine unagusa punje ngumu ndani yake; ni damu iliyoganda na kuwa kijiwe, na kwenye eksirei vijiwe hivyo vinaonekana wazi. Ukivikuta, umekaribia jibu. Tiba yake ni soksi au bandeji ya kubana, sindano za kuzibia mishipa, na kwa zile kubwa dawa ya sirolimasi chini ya mtaalamu. Upasuaji una nafasi yake, lakini upangwe na anayejua anaingia wapi.

Ya nne ndiyo inayonitia hofu: kasoro ya ateri na vena. Damu inatoka kwenye ateri, mshipa unaoitoa moyoni, na kuingia moja kwa moja kwenye vena bila kupitia kapilari. Inakuwa na joto kuliko ngozi ya jirani, na ukiilaza kiganja unahisi mtetemo kama wa simu inayolia mfukoni. Weka stethoskopu, utasikia mvumo. Uvimbe wa namna hii usichanjwe wala usikatwe kipande cha kupima, na mtu asijaribu kuufunga mshipa mmoja akidhani amemaliza kazi. Ukiguswa nusunusu unaweza kuchochewa, na damu yake ni vigumu kuizuia. Balehe na ujauzito pia huuamsha. Huyu ni wa rufaa ya haraka, hadi kwa wataalamu wanaoweza kuziba mishipa kutoka ndani kwa mrija mwembamba.

Yanayovuruga mgawanyo

Kuna hemanjioma ambazo mtoto anazaliwa nazo zikiwa zimekomaa kabisa. Moja inasinyaa haraka, mara nyingi imekwisha kabla au karibu na mwaka mmoja, nyingine haisinyai. Zote mbili hazina GLUT1. Kwa hiyo tarehe ya kuonekana ni swali la kwanza, lakini lisiwe la mwisho.

Kuna pia uvimbe mgumu, wa zambarau, unaoongezeka, na mtoto anatoka vidoa vya damu chini ya ngozi. Hapo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka sana. Hali hiyo inaitwa Kasabach-Merritt, na kwa miaka mingi ilisemwa kuwa inatokana na hemanjioma kubwa. Hemanjioma ya kawaida haisababishi hali hiyo. Ni aina nyingine, adimu, ya uvimbe wa mishipa. Mtoto wa namna hiyo asilale nyumbani usiku huo.

Halafu kile kinyama chekundu kinachoota ghafla kwenye kidole, mdomo au fizi, hasa kwa wajawazito, na kutoka damu kikiguswa kidogo. Vitabuni kinaitwa granuloma ya usaha, ingawa hakina usaha. Watu wanakimezea antibayotiki bure. Kinaondolewa na kuchomwa pale kilipoota.

Majina ya zamani au mapya?

Nimesikia hoja kwamba majina ya zamani yamezoeleka, na cha msingi ni mgonjwa. Mazoea yana nguvu hata kwa walio juu yetu. Uchambuzi uliochapishwa 2011 uliangalia makala za kitabibu za mwaka 2009 zilizotumia neno hemanjioma. Asilimia 71 zilikuwa zimelitumia vibaya, na wagonjwa waliopewa jina lisilo sahihi ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kupata tiba isiyofaa. Kama ni hivyo kwa wanaoandika majarida, tabibu aliye peke yake kando ya ziwa hana sababu ya kuona aibu. Ila kwangu mimi uchaguzi ni wazi. Jina la zamani linakwambia uvimbe unafananaje. Jipya linakwambia utafanya nini kesho, na mwakani. Mtu akiandika "kasoro ya vena" hakuna atakayemwambia mama "itaisha yenyewe".

Kikwazo kimoja ni namba za magonjwa. ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba hizo, imeziweka hemanjioma na limfanjioma za mahali popote chini ya D18, na chini ya Q82.5 alama inayofifia imekaa chumba kimoja na baka lisilofifia. Kwa hiyo namba iandikwe pale fomu inapoitaka, lakini mstari unaofuata uwe na maneno: imeonekana lini, inakuaje, ni laini au ngumu, ina joto, ina mtetemo. Mstari huo utamsaidia atakayempokea mtoto kuliko namba yenyewe. Usipokuwa na uhakika, andika "tatizo la mishipa ya damu, aina haijathibitishwa". Hilo ni jina halali, na halimfungi mtu kwenye njia isiyo yake.

Neno kwa watu wazima pia, maana mkanganyiko huu unawafikia. Mtu anapigwa ultrasaundi ya tumbo kwa sababu nyingine, majibu yanarudi na "hemanjioma ya ini". Anarudi nyumbani akiamini ana saratani, anauza mbuzi. Wataalamu wengi wa mishipa wanaihesabu hiyo kuwa ni kasoro ya vena, haina uhusiano na hemanjioma ya watoto, ni ya kawaida, na mara nyingi haihitaji tiba yoyote. Kama ini lake halina ugonjwa mwingine na picha ni ya kawaida, anayempa majibu amwambie hivyo palepale, kabla hajatoka mlangoni.

Kwa mtoto anayehitaji rufaa, njia inaanzia hospitali ya Maweni kwa wa Kigoma na ya Kitete kwa wa Tabora, kisha Bugando, Mwanza. Kwa matatizo ya ngozi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, na kwa kuziba mishipa kwa mrija kuna hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ni safari ndefu na nauli si mchezo, kwa hiyo mtoto asiondoke na neno moja la "hemanjioma". Aende na kadi yenye vipimo vya kila chanjo, picha za simu tangu wiki ya kwanza, uzito wake wa siku hiyo, na majina ya dawa alizokwisha kumeza. Kama uvimbe umewahi kupakwa majani au kuchanjwa chale, nalo lisemwe bila kufichwa. Hakuna wa kumgombeza mama, ila kovu na kidonda hubadilisha sura ya uvimbe na daktari anaweza kusoma vibaya.